Kuhama na Daftari

Barua pepe ilifika usiku wa Jumanne, mwezi wa tatu mwaka 2024. Programu niliyokuwa nikiwekea madokezo yangu kwa miaka minane ilikuwa inafungwa. Walinishukuru kwa kuwa mteja wao, wakanipa siku sitini, na chini kabisa wakaweka kitufe cha buluu: pakua data zako zote.

Nikabonyeza. Nani asingebonyeza? Asubuhi nikakuta faili moja iliyobanwa. Nikaifungua, nikaona folda yenye faili 1,412, nikachungulia mbili tatu, nikaona maneno yangu yamo. Nikampigia dada yangu nikamwambia, tulia, kila kitu kipo. Kisha nikaifunga ile folda, nikaenda zangu kazini.

Hakikuwapo kila kitu. Lakini hilo nililijua mwezi wa sita, wakati programu yenyewe imeshazimwa na hakuna wa kumwuliza.

Niseme kwanza mle ndani mlikuwa na nini. Mamangu aliuza viungo Marikiti, pale Mombasa, kwa zaidi ya miaka thelathini: iliki, bizari, mdalasini, pilipili manga. Kuanzia 2016 nikawa na mazoea. Kila nikiongea naye, iwe kwa simu au nikiwa nyumbani Mji wa Kale, naandika. Mapishi, majina ya watu, nani alimwoa nani, ugomvi wa zamani, bei ya karafuu mwaka fulani. Na kila dokezo nililiunganisha na mengine. Ukibonyeza jina la babu unapelekwa kwenye nyumba yake ya Lamu. Ukibonyeza nyumba unapelekwa kwa mjomba. Mama alipofariki mwaka 2021, mle ndimo alimobaki akiongea.

Mwezi wa sita dada akanipigia. Mjomba anaumwa, yuko Malindi, amelazwa. "Twende au tusiende?"

Si swali la kawaida kwa mtu kumuuliza ndugu yake, najua. Lakini mjomba hatukuwa tukisemezana naye kwa miaka. Tangu tuko wadogo tulijua kwamba yeye ndiye aliyeiuza nyumba ya babu bila kumuuliza mtu. Mama alisema hivyo mbele yetu, kwa hasira, zaidi ya mara moja. Baadaye, kwenye simu, nilimsikia akisema jambo jingine. Nilikuwa na hakika nimeliandika. Basi nikafungua ile folda.

Nikayapata madokezo mawili. La kwanza linasema mjomba aliuza nyumba kisirisiri, akaja kumwambia Mama pesa zikiwa zimeshaliwa. La pili linasema Mama mwenyewe ndiye aliyemruhusu auze, kwa sababu ya gharama za hospitali za babu, na kwamba walipatana asimwambie mtu, babu asije akajua nyumba yake imekwenda kwa ajili ya dawa zake. Halafu nikapata la tatu, lenye mstari mmoja tu: *Sahihi ni hili, si lile.*

"Hili" lilikuwa kiungo. "Lile" lilikuwa kiungo. Vyote viwili vilikuwa vimekufa.

Nilipotazama vizuri ndipo nikaelewa nilichopewa. Vichwa vya faili vilikuwa vimegeuzwa mchanganyiko wa herufi na namba. Tarehe zote za kuandikwa zilikuwa tarehe moja, ile siku niliyobonyeza kitufe. Na viungo vilielekeza kwenye anwani za ndani ya programu ambayo haipo tena. Namba zao hazikufanana na namba za faili hata kidogo. Sisi tuna neno moja, kiungo, kwa kitu kinachokoleza mchuzi, kwa mahali mfupa unapokutana na mfupa, na kwa kinachoshikanisha ukurasa na ukurasa. Nilikuwa na mwili uliokatwa kwenye viungo vyake vyote. Kila kipande kizima, lakini hakuna kilichojua mwenzake yuko wapi.

Utaniuliza: kwani wewe mwenyewe hukumbuki alisema lipi mwisho? Nakumbuka kwamba alisema yote mawili. Aliisimulia hadithi ile mara nyingi, akiwa na hasira na akiwa ametulia. Niliandika ili nisilazimike kukumbuka. Ndiyo kazi ya daftari.

Mimi husoma historia, kwa hiyo nikifadhaika huenda huko. Nilitaka kujua watu wengine walihama vipi na maandishi yao, na nini kilibaki nyuma walipohama.

Nilianza na Conrad Gessner wa Zurich, aliyeishi kati ya 1516 na 1565. Gessner alikuwa daktari na mtu wa vitabu, na mwaka 1545 alichapisha orodha kubwa ya waandishi na vitabu vyao. Mwaka 1548, katika kitabu kilichofuata, alieleza namna yake ya kufanya kazi. Andika upande mmoja tu wa karatasi, alisema. Kisha chukua mkasi, kata kila wazo likae peke yake. Yapange unavyotaka, na ukishika, shika kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, ili kesho ukibadili nia uweze kubandua na kupanga upya. Alikata mpaka barua alizoandikiwa na watu.

Huyo ndiye aliyenifanya nitabasamu mara ya kwanza wiki ile. Karibu miaka mia tano iliyopita mtu alishaona kwamba daftari lililoshonwa ni kifungo: wazo likishaingia ukurasa wa 40, litakaa ukurasa wa 40 mpaka kiyama. Mkasi wake ulikuwa kitufe cha buluu cha zama zake. Ila nao una gharama. Ukiikata barua vipande, umepata wazo, umepoteza barua. Aliandika nani, lini, akijibu nini? Kama hukuyaandika hayo kwenye kile kipande, yamekwenda na takataka.

Aliyelielewa jambo hili kuliko wengi ni Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kuandika mawazo yake kwenye vikaratasi na kuvitia kwenye droo za mbao. Alipofariki mwaka 1998 aliacha vikaratasi kama 90,000. Leo watu wa programu za madokezo humtaja kama babu yao, na mara nyingi husifia wingi huo. Mimi kilichonivutia ni kitu kidogo zaidi. Kila kikaratasi kilikuwa na anwani yake, imeandikwa kwa mkono kwenye kikaratasi chenyewe. Akiwa na 1 na 2, halafu likamjia wazo la kuingia katikati, analiita 1a. Baina ya 1a na 1b anaweza kuingiza 1a1, na kuendelea hivyo bila mwisho. Akitaka wazo moja limwite jingine, anaandika namba ya lile jingine ndani ya hili.

Sasa tazama kilichotokea baada ya kifo chake. Warithi walivutana mahakamani juu ya nani mwenye haki na zile droo. Miaka ikapita. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Bielefeld kikazinunua, na tangu 2015 watafiti wa pale wamekuwa wakizipiga picha na kuzisoma moja baada ya nyingine, kazi iliyopangiwa miaka mingi. Droo zilihama kutoka nyumba ya mtu hadi chuo, kutoka mikono ya familia hadi ya wageni, kisha kutoka kwenye mbao hadi kwenye kompyuta. Viungo havikufa. Namba iliyoandikwa kwa wino mwaka 1960 inaelekeza palepale leo, kwa sababu haikuwa mali ya droo. Ilikuwa mali ya karatasi.

Yangu yalikuwa mali ya droo.

Jambo la kushangaza ni kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kuchora mashine ya madokezo alilifikiria suala la kuhamisha tangu mwanzo. Julai 1945, Vannevar Bush, aliyekuwa akisimamia utafiti wa kisayansi wa Marekani wakati wa vita, aliandika makala katika jarida la *The Atlantic*. Alieleza meza ya kubuni aliyoiita memex, yenye maandishi yote ya mtu katika filamu ndogo ndogo, na mwenye meza anaweza kuunganisha ukurasa na ukurasa akatengeneza njia ya mawazo. Mfano wake ulikuwa mtu anayechunguza upinde wa Kituruki na upinde wa Kiingereza. Miaka baadaye mtu huyo anaongea na rafiki yake, anaikumbuka ile njia, anaitoa nakala yote pamoja na mafungamano yake, anampa rafiki aiingize kwenye memex yake mwenyewe.

Yaani katika ndoto ya 1945, kutoa data kulikuwa ni kumpa mwenzako njia nzima aipitie mwenyewe, hatua kwa hatua. Memex haikujengwa. Sisi tuliokuja nyuma tulipata mashine zilizo bora kuliko ile meza kwa kila hali, isipokuwa hiyo.

Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa HyperCard, iliyoandikwa na Bill Atkinson. Ilikuwa kadi za kwenye skrini. Unabonyeza hapa unapelekwa kule. Walimu, madaktari na watoto wa shule walitengeneza mamia ya vitu ndani yake. Mwaka 2004 Apple ikaacha kuiuza. Kadi zilizotengenezwa mle hazikufunguka kirahisi pengine, na mwenye kuzitaka leo mara nyingi hutumia programu inayoigiza kompyuta ya zamani.

Uingereza nao walipata somo lao kwa gharama kubwa. Mwaka 1986 shirika la BBC liliadhimisha miaka 900 ya Domesday, ile hesabu ya ardhi na watu iliyoamriwa na Mfalme William. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao watoto wa shule, waliandika kuhusu mahali wanapoishi, na yote yakatiwa kwenye diski kubwa za leza zilizohitaji mashine maalumu. Baada ya miaka kumi na tano hivi mashine zile zilikuwa adimu, na mwaka 2002 watafiti wa Leeds na Michigan walilazimika kuigiza mfumo wa zamani ili diski zisomeke. Kile kitabu cha 1086, cha ngozi ya mnyama, kipo London na kinasomeka. Sitaki kusema ngozi ni bora kuliko diski. Nasema tu kwamba kitabu hakikuhitaji mashine fulani iwe bado inauzwa ndipo kifunguke.

Kisha ikaja zama yetu, ya kuweka kila kitu kwenye kompyuta za watu wengine. Hapo kufungwa kwa huduma kukawa jambo la kawaida, kama kufungwa kwa kibanda. Catch, programu ya madokezo iliyopendwa na wenye simu, ilifungwa mwaka 2013. Springpad ikafuata 2014. Evernote, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008, mkuu wake wa wakati ule alipenda kusema anataka kampuni ya miaka mia. Mwishoni mwa 2022 ilitangazwa kwamba inanunuliwa na kampuni ya Milan, Italia, na Desemba 2023 wanaoitumia bila kulipa wakawekewa kikomo cha madokezo 50. Yenyewe haijafungwa, na ina njia yake ya kutoa data inayojulikana. Lakini hata njia hiyo ina tatizo ninalolijua: kiungo cha dokezo kwa dokezo hutoka kikiwa bado kinaelekeza ndani ya programu ileile unayoihama.

Haki itendeke: wapo waliolifikiria jambo hili kwa wema. Mwaka 2007 wahandisi wachache wa Google waliunda kikundi cha ndani kilichoitwa Data Liberation Front, kazi yake ikiwa kurahisisha watu kutoka na vitu vyao. Mwaka 2011 kazi hiyo ikazaa Takeout. Na nje ya kampuni kubwa, mwaka 2004, John Gruber pamoja na Aaron Swartz walitoa Markdown, namna ya kuandika maandishi yenye vichwa na msisitizo kwa alama za kawaida za kibodi, faili ibaki maandishi matupu yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote. Programu kama Obsidian, ya mwaka 2020, zimejengwa juu ya wazo hilo: madokezo ni faili zako, ziko kwenye folda yako, programu inakuja kuzisoma tu.

Hata sheria imeingia. Ulaya ilitoa haki ya kuhamisha data kuanzia Mei 2018. Sisi hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu cha 38 kinampa mtu haki ya kupewa data zake binafsi katika mpangilio unaoeleweka, unaotumika kwa kawaida, na unaosomeka na mashine. Nilipokisoma kifungu hicho mwezi ule wa sita nilikisoma kama mtu anayetafuta wakili. Kisha nikacheka peke yangu. Nilichopewa kilikuwa na mpangilio. Kilikuwa cha kawaida. Mashine ilikisoma vizuri sana. Aliyeshindwa kukisoma ni mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari la Mama.

Mama alikuwa na madaftari yake, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Humo aliandika wateja wa mkopo. Hakuandika majina kamili. *Wa Kibokoni, bizari robo. Mama mapacha, iliki. Fundi saa.* Na pembeni ya majina aliweka alama: mkwaju mmoja, mikwaju miwili, na kwa wachache, duara. Alipofariki tulikuwa na dada tukiyapitia ili tujue nani anadaiwa, kwa sababu duka lilikuwa na madeni yake pia. Mkwaju tulielewa: amelipa nusu. Miwili: amemaliza. Duara hatukulielewa. Dada alidhani ni madeni makubwa. Mimi nilidhani ni watu waliotoroka. Tulikaribia kuwafuata.

Tukamuuliza khala. Si khala wa damu. Ni mwenzake Mama aliyeuza kando yake pale sokoni miaka yote hiyo, nasi tumekua tukimwita hivyo.

"Shikamoo khala."

"Marahaba wanangu. Leteni nione."

Akavaa miwani, akapitisha kidole. Akanyamaza kidogo. "Hawa duara ni wale wasiodaiwa," akasema. "Huyu mumewe alikufa. Huyu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Mamako alikuwa akiwaandika ili wasione haya, waone wamekopa kama watu wengine. Lakini hawa msiwadai. Hata yeye hakuwadai."

Tulikuwa tumeshaandika majina saba kwenye karatasi ya kwenda kudai.

Daftari lile halikupotea hata ukurasa mmoja. Halikuhitaji programu wala umeme. Lakini ufunguo wake ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja mzee wa Marikiti, na kama tungechelewa mwaka mmoja au miwili, duara lingemaanisha tulichotaka sisi limaanishe.

Mwambao huu unalijua jambo hili zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na 1840, alitunga mashairi yaliyojibu mambo ya siku yake: vita vya Mazrui na watawala wa Oman, ugomvi wa mji na mji, mzaha baina ya watu wanaojuana. Mengi yalikaa midomoni mwa watu. Miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, na pamoja na mmishonari W. E. Taylor yakawekwa kwenye karatasi. Karatasi hizo zilisafiri hadi London na sasa ziko katika maktaba ya SOAS. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani kutokana nazo, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, hapa Nairobi.

Fikiria mashairi yale yamehama mara ngapi. Kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi. Kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kilatini, na huo si uhamisho mwepesi: kwa uandishi wa kale herufi moja, *ba*, iliweza kusimama kwa b, p na hata mb, na msomaji alitakiwa alijue neno kabla ya kulisoma. Kutoka Mombasa hadi London, kisha kurudi kama kitabu. Yangeweza kufika yakiwa maneno mazuri yasiyojulikana yanamsema nani. Hayakufika hivyo, kwa kuwa Sikujua na Taylor hawakuandika ubeti peke yake. Waliandika pia maelezo: hili linamhusu fulani, neno hili maana yake hii, hapa palikuwa na jambo fulani. Sikujua alifariki mwaka 1890. Kama angeacha mashairi bila maelezo, asingekuwepo wa kuulizwa.

Kwa hiyo nikarudi kwenye madokezo yangu mawili nikiyatazama kama karatasi za mtu aliyekufa. Tarehe za mashine zimefutika. Je, ndani ya maneno mna tarehe? Nikayasoma upya, si ile habari ya nyumba tu, bali kila neno lililoizunguka, hata yale niliyoyaandika ovyo.

Dokezo la kwanza, lile la hasira, lilimalizika hivi: *Anataka apande treni mpya aje Nairobi, Marikiti yote wanaizungumza.* Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi Juni 2017. Basi ni 2017, au karibu na hapo.

Dokezo la pili lilianza na maneno ambayo nilikuwa nimeyaruka mara zote kwa sababu hayakuhusu nyumba: *Hatoki nje. Wamefunga Mji wa Kale, haingii mtu hatoki mtu. Ana iliki ya kutosha, anasema.* Serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale Mei 2020, wakati wa korona.

Miaka mitatu baadaye. Mama amefungiwa nyumbani, hana soko la kwenda, hana wa kuongea naye ila mimi kwenye simu, na mwaka mmoja kabla ya kufa kwake alimwambia mwanawe ukweli. Sahihi ni hili, si lile.

Sikupiga simu. Tulipanda matatu mimi na dada, tukaenda Malindi. Mjomba alikuwa amekonda, lakini alitutambua. Dada ndiye aliyesema, mimi sikuweza. Alimwambia, "Mjomba, Mama alitueleza habari ya nyumba." Akatutazama muda mrefu, kisha akauliza, "Alisema lini?" Nikamwambia: Mei, mwaka wa korona. Akatikisa kichwa. Akasema yeye alikuwa ameahidi kunyamaza, na ahadi ni ahadi, lakini hakudhani ingechukua muda mrefu namna ile.

Tuliporudi nilikaa siku tatu na zile faili. Nilizipa majina ya watu na mambo, si namba. Nilipoweza kujua tarehe niliiandika ndani, mstari wa kwanza, kwa maneno, mahali ambapo hakuna kitufe kinachoweza kuibadilisha. Nilipokisia niliandika "nakisia", na sababu. Badala ya "hili" na "lile" niliandika jina la dokezo lote, hata kama linarudiarudia. Na juu kabisa ya folda nikaweka faili moja ya maandishi matupu inayoitwa SOMA KWANZA. Mle nimeeleza mimi ni nani, Mama alikuwa nani, nilitumia vifupisho gani, na nani bado yuko hai anayeweza kuulizwa. Khala ni wa kwanza kwenye orodha hiyo. Alama za daftari nazo zimo: mkwaju, mikwaju miwili, duara.

Kama nawe una madokezo yako mahali, huu ndio ushauri wangu, na nimeulipia. Bonyeza kile kitufe leo, wakati programu ingali hai. Fungua kilichotoka, usichungulie mbili tatu kama nilivyofanya mimi. Tafuta dokezo moja lililounganishwa na jingine uone kama yanajuana bado. Tazama tarehe. Kisha fanya nililofanya mwisho kabisa: nilimpa dada folda nzima kwenye kompyuta yake, nikatoka nje ya chumba, nikamwambia atafute sababu ya kuuzwa kwa nyumba ya babu bila kuniuliza kitu.

Ilimchukua dakika nne. Nilimsikia akiita kutoka ndani, "Nimelipata." Kisha akanyamaza, maana alikuwa akilisoma.